Kanuni Ziko Mikononi mwa Nani? Hotuba Kuhusu Kampuni ya Maxis na Michezo Yake ya Uigaji

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa mipango miji, na ninyi vijana wa programu za kompyuta mliochagua kukaa upande wa pili wa ukumbi kana kwamba mazungumzo ya leo ni ya wenzenu peke yao:

Nimeombwa nieleze historia ya Maxis, kampuni ya California iliyojulikana kwa michezo ya uigaji, yaani michezo ya kompyuta ambamo mchezaji hupewa mji, sayari, kundi la sisimizi au familia, akasimamia maisha yake bila kupigana na mtu. Nimekubali kwa furaha kwa sababu historia hiyo inazihusu pande zote mbili za ukumbi huu. Na kabla hamjasema kwamba jina hilo ni geni, ukumbukeni ule mchezo wa kigololi cha chuma kinachorushwa juu ya meza yenye picha za anga za juu, uliokuwemo ndani ya Windows XP na ambao watu wa rika langu waliucheza maofisini na kwenye vibanda vya intaneti pale bosi alipotoka. Uliundwa na kampuni ndogo ya Texas iitwayo Cinematronics, ambayo Maxis iliinunua mwaka 1996. Kwa hiyo wengi wetu tumewahi kuwa wateja wa Maxis bila kujijua, ingawa mchezo huo hauna uhusiano wowote na ninayotaka kuyasema leo.

Ninayotaka kuyasema ni haya. Mchezo wa uigaji ni mkusanyiko wa kanuni: kodi ikipanda hutokea hiki, umeme ukikatika hutokea kile. Kila kanuni ina mtu aliyeiandika, naye aliiandika kwa kufuata jinsi anavyoamini kwamba ulimwengu unakwenda. Mchezaji huona matokeo. Kanuni zenyewe hazioni. Tukiifuatilia Maxis tangu kuanzishwa kwake mwaka 1987 hadi studio yake ya Emeryville ilipofungwa mwaka 2015, tutaona kwamba jambo moja linajirudia chini ya kila mafanikio na kila anguko lake, nalo ni kanuni ziko mikononi mwa nani.

Mwanzilishi anayejulikana zaidi ni Will Wright, aliyezaliwa Atlanta mwaka 1960. Alisoma usanifu majengo na uhandisi katika vyuo kadhaa vya Marekani, wala hakuhitimu hata kimoja. Mwaka 1984 alitoa mchezo wake wa kwanza kwa kompyuta ya Commodore 64, *Raid on Bungeling Bay*, ambamo mchezaji huendesha helikopta na kushambulia viwanda vilivyo visiwani kwa mabomu. Ulikuwa mchezo wa kawaida wa vita, lakini wakati wa kuutengeneza Wright aliandika programu ndogo ya kumsaidia kuchora visiwa hivyo, barabara zake na viwanda vyake, akajikuta anafurahia kuvijenga kuliko kuvibomoa. Mchezo ulipokwisha aliendelea na ile programu ya kuchorea. Aliongeza magari, watu na shughuli, kisha akaanza kusoma vitabu vya mipango miji ili ajue mji wake utende nini ukiachwa ujiendeshe.

Hapo ndipo alipokutana na kazi ya Jay Forrester, mhandisi wa chuo cha MIT aliyekuwa ameshajipatia jina kwa kuvumbua kumbukumbu za sumaku za kompyuta za awali. Mwaka 1969 Forrester alichapisha kitabu kilichouelezea mji kwa hesabu tupu: idadi ya nyumba, ajira na viwanda, na jinsi kila kimoja kinavyosukuma kingine juu au chini kadiri miaka inavyopita. Msukumo wa kazi hiyo ulitokana na mazungumzo yake na John Collins, aliyekuwa meya wa Boston hadi mwaka 1968, ambaye ofisi yake pale MIT ilipakana na ya Forrester. Hesabu zilimpeleka Forrester kwenye hitimisho lililowakera wengi, kwamba serikali ikijenga nyumba za bei nafuu kwa ajili ya maskini huuzidishia mji matatizo, na kwamba ni afadhali kuzibomoa baadhi ya nyumba chakavu na kuwavuta wenye viwanda. Wakosoaji walisema jibu hilo lilikuwemo tayari ndani ya hesabu kabla kompyuta haijawashwa. Naungana nao kwa kiasi kikubwa, ingawa namheshimu Forrester kwa jambo moja, nalo ni kwamba alizichapisha hesabu zake zote, na ndiyo sababu watu waliweza kumpinga.

Mji wa Forrester haukuwa na ramani. Wright aliupa ramani. Alichukua mbinu ambayo wanahisabati walikuwa wakiichezea tangu John Conway alipotoa mchezo wake wa seli mwaka 1970, ya kuigawa nafasi katika vijiraba vidogo ambavyo kila kimoja hutazama hali ya majirani zake na kubadilika kwa kuifuata. Katika *SimCity*, jina ambalo mchezo huo ulikuja kupewa, ramani ina vijiraba 120 kwa 100. Mchezaji hutenga maeneo ya makazi, ya biashara na ya viwanda, kisha anayavutia umeme na kuyaunganisha kwa barabara au reli. Majengo hayajengi yeye. Watu huja au hawaji kwa kutegemea thamani ya ardhi, uchafuzi wa hewa, uhalifu na kodi, ambayo mchezo huianza kwa asilimia 7. Bustani na maji huipandisha thamani ya ardhi, moshi wa viwanda huishusha, na kila jambo hurudi kugusa lile lililolianzisha. Hospitali na makanisa huota yenyewe katika maeneo ya makazi bila meya kuombwa kibali, jambo ambalo wanafunzi wangu huliona la kuchekesha kuliko yote.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mwanafunzi wa mipango miji wa Afrika Mashariki anapopata la kujifunza ambalo mwenzake wa California hulipita bila kuliona. Katika mji wa *SimCity* hakuna mtu anayeweza kujenga mahali ambapo meya hajapatenga wala kupavutia umeme. Makazi yasiyopimwa hayawezi kuwepo, kwa maana kanuni hazina nafasi ya kuyaandika. Sisi tunajua vizuri jinsi miji yetu mingi ilivyokua: watu hutangulia, nyumba hufuata, njia hujitokeza kati ya nyumba na nyumba, na afisa mipango miji hufika na ramani yake wakati watoto wa kwanza kuzaliwa hapo wameshaanza shule. Katika mji wa Wright hakuna pia mwenye kiwanja. Meya akitaka kupitisha barabara katikati ya mtaa hubofya, nyumba zikaanguka, wala hakuna fidia, kesi ya ardhi, mjumbe wa mtaa wala maandamano. Zaidi ya hayo, makazi na biashara ni maeneo mawili yaliyotengwa kabisa. Nyumba ya Kariakoo yenye duka chini, familia juu na fundi cherehani barazani haiwezi kujengwa katika *SimCity* hata kama mchezaji ni hodari kiasi gani, kwa sababu sheria za Marekani za kutenganisha matumizi ya ardhi zimeshaingizwa kwenye msingi wa mchezo kama kwamba ni sheria za maumbile.

Sisemi hivi kumlaumu Wright. Alikuwa anatengeneza mwanasesere wa mji, naye mara nyingi alieleza kwamba kazi zake anaziona kuwa vitu vya kuchezea zaidi kuliko michezo yenye mshindi. Lakini kitu cha kuchezea nacho kina maoni. Wachezaji waligundua mapema kwamba reli, tofauti na barabara, haileti msongamano wala uchafuzi, na kwamba mtu akiujenga mji wake wote kwa reli bila barabara hata moja mambo humwendea vizuri. Huo ulikuwa mtazamo wa mtu mmoja, aliyekaa mbele ya kompyuta moja na kuamua kwamba reli ni kitu kizuri. Mimi mwenyewe napenda reli. Hata hivyo, kijana wa miaka 12 aliyejifunza somo hilo kwenye skrini hakuambiwa kwamba ni maoni.

Wright aliukamilisha mchezo huo kwa Commodore 64 mwaka 1985 kwa jina la *Micropolis*, na kampuni ya Broderbund, iliyokuwa imechapisha mchezo wake wa helikopta, ikasita kuutoa. Hoja yao ilikuwa kwamba hauna mwisho: mchezaji hashindi na hashindwi, sasa mteja atanunua nini? Kazi ikalala kwenye diski kwa takriban miaka miwili, hadi Wright alipokutana na Jeff Braun kwenye karamu ya piza mwaka 1987. Braun alikuwa mfanyabiashara aliyewahi kuuza programu ya kuunda herufi za kompyuta ya Amiga, naye alikuwa anatafuta mchezo wa kuuza. Wawili hao walianzisha Maxis katika mji mdogo wa Orinda, mashariki ya San Francisco. Walipoiandaa upya kazi ile kwa kompyuta za Macintosh na Amiga, walirudi Broderbund kumaliza suala la haki za kisheria za mchezo wa zamani, na safari hii wakuu wa kampuni hiyo walipenda walichokiona, wakakubali kuusambaza. Jina *Micropolis* lilikuwa tayari la kampuni ya kutengeneza diski za kompyuta, ndiyo maana mchezo ukaingia sokoni mwaka 1989 ukiitwa *SimCity*.

Ili kuwaridhisha waliotaka mashindano, mchezo uliongezewa mitihani kadhaa iliyotokana na miji halisi: San Francisco ya mwaka 1906 baada ya tetemeko, Hamburg ya mwaka 1944 chini ya mabomu, Bern ya mwaka 1965 iliyozidiwa na magari, Detroit ya mwaka 1972 na uhalifu wake. Ndani ya kisanduku kulikuwa pia na karatasi nyekundu yenye alama na majina ya miji, iliyochapishwa kwa rangi ambayo mashine za kunakili za wakati ule zilishindwa kuisoma, na mchezaji alipaswa kuitazama ili kuthibitisha kwamba amenunua nakala halali. Karatasi hiyo naomba muikumbuke. Ilikuwa kinga hafifu, lakini mara mteja alipoonyesha kwamba anayo, mji ulikuwa wake, na hakuna mtu wa Orinda aliyeweza kuuzima.

Mafanikio yalikuwa makubwa kupita matarajio ya wote. Nintendo ilitoa toleo lake mwaka 1991. Mwaka mmoja kabla ya hapo, gazeti la mji wa Providence, katika jimbo la Rhode Island, liliwaita wagombea watano wa umeya wacheze *SimCity* katika ramani iliyofananishwa na mji wao, kisha likaandika kila mmoja alivyofanya. Aliyefanya vizuri zaidi, Buddy Cianci, ndiye aliyeshinda uchaguzi, na mgombea mmoja aliyeshindwa kwa kura chache katika mchujo wa chama chake akadai kwamba habari zile zilimharibia. Sioni uthibitisho kwamba anayejua kuuendesha mji wa vijiraba 120 kwa 100 atauendesha vizuri mji wa watu. Ninachokiona ni kwamba ndani ya mwaka mmoja tu, kanuni za mtu mmoja zilikuwa zimeshapewa heshima ya kumpima meya.

Baada ya hapo Maxis iliingia katika kipindi ambacho kwangu ndicho kizuri kuliko vyote, ingawa si kilichoingiza fedha nyingi. Kila mwaka, au karibu kila mwaka, ilichukua wazo la mwanasayansi fulani na kuligeuza kitu cha kuchezea. *SimEarth* ya mwaka 1990 ilijengwa juu ya nadharia ya James Lovelock kwamba dunia hujirekebisha kama kiumbe hai kimoja, na Lovelock mwenyewe alishiriki kama mshauri. *SimAnt* ya mwaka 1991 ilitokana na utafiti wa Edward O. Wilson na Bert Hölldobler kuhusu sisimizi. Zikafuata *SimLife* mwaka 1992 na *SimFarm* mwaka 1993, na mwaka huohuo *SimCity 2000*, ambayo Wright aliitengeneza pamoja na Fred Haslam, ikiwa na vilima, mabomba ya maji chini ya ardhi na mandhari inayotazamwa kwa mshazari. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowalisha. *SimEarth* ilikuwa ngumu mno. Watu waliunguza sayari nzima bila kuelewa walikosea wapi, na wengi hawakurudi.

Kulikuwa na tawi jingine la Maxis ambalo halitajwi sana, nalo lingestahili hotuba yake. Makampuni makubwa yalipoiona *SimCity* yalitaka kutengenezewa mchezo kama huo kuhusu shughuli zao. Wright hakuvutiwa, lakini Maxis ilianzisha kitengo cha uigaji wa biashara chini ya John Hiles, na kitengo hicho kiliitengenezea Chevron *SimRefinery*, mchezo wa kusimamia kiwanda cha kusafisha mafuta. Haukukusudiwa kuwafundisha wahandisi kazi yao. Uliwalenga wafanyakazi wa idara nyingine, waone jinsi sehemu moja ya kiwanda inavyoitegemea nyingine. Mchezo huo ulihesabiwa kuwa umepotea hadi nakala ya majaribio ilipopatikana mwaka 2020. Kitengo hichohicho kilitoa *SimHealth* mwaka 1994, kwa ufadhili wa taasisi ya Markle, wakati Wamarekani wakijadili mageuzi ya mfumo wa afya ya Rais Clinton. Ndani ya *SimHealth* mchezaji aliruhusiwa kufungua dhana zilizo chini ya hesabu na kuzibadilisha: akiamini kwamba gharama hupanda kwa sababu fulani, aliweza kuiandika imani yake mwenyewe na kuona matokeo. Ulikuwa mchezo mkavu, watu wakaulalamikia, na haukudumu sokoni. Hata hivyo, katika kazi zote za Maxis za miaka ile, huo peke yake ndio uliomwambia mchezaji waziwazi kwamba hizi ni dhana, na kwamba dhana hubishaniwa.

Kilichotokea kati ya mwaka 1995 na 1997 nitakipitia haraka, kwa kuwa ni hadithi mnayoijua kutoka kampuni nyingine nyingi. Maxis iliingia kwenye soko la hisa mwaka 1995, wanahisa wakataka bidhaa mpya kila robo mwaka, na michezo iliyotolewa kwa pupa mwaka 1996, ukiwemo ule wa helikopta uitwao *SimCopter*, haikuwa na ubora uliozoeleka. *SimCity 3000* ilikuwa inatengenezwa kwa picha za pande tatu ambazo kompyuta za wakati huo hazikuziweza. Mwaka 1997 Electronic Arts iliinunua Maxis kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 125, ikamleta Luc Barthelet kuiongoza, naye akaamuru mji huo urudishwe kwenye mtindo wa zamani. Ulitoka mwaka 1999 ukauzika sana. Ni desturi kuisimulia Electronic Arts kama mbwa mwitu aliyemla kondoo, lakini bila uamuzi ule, na bila subira ya Barthelet kwa wazo moja ambalo wakuu wa awali wa Maxis walilikataa, nisingekuwa na sehemu ya pili ya hotuba hii.

Wazo hilo lilitokana na moto. Mwezi Oktoba 1991, moto wa nyika uliteketeza vitongoji vya vilima vya Oakland na kuua watu 25, na nyumba ya Wright ikaungua pamoja na vyote vilivyokuwemo. Alipoanza kununua vitu upya alijiuliza kila kimoja anakihitaji kwa nini. Alikuwa pia amesoma kazi za msanifu majengo Christopher Alexander, aliyeandika kwamba umbo la nyumba lipimwe kwa maisha ya wanaoishi ndani yake. Mwanzoni Wright alitaka mchezo wa kusanifu nyumba, ambamo watu wadogo wangekaa ndani kama majaji tu wa kuipa nyumba alama. Majaji wakawa watamu kuliko nyumba. Ndani ya Maxis watu waliuita mchezo wa nyumba ya wanasesere, na waliokuwa na mamlaka ya fedha hawakuelewa nani angeununua.

Utendaji wa *The Sims*, iliyotoka mwezi Februari 2000, ni somo zuri kwa vijana wa programu. Kila mtu wa mchezo ana mahitaji 8, miongoni mwake njaa, usingizi, usafi, haja, burudani na urafiki. Mtazamaji hudhani kwamba akili imo ndani ya mtu huyo, naye anafikiri na kuamua. Kumbe sehemu kubwa ya akili imo ndani ya vitu. Friji hutangaza kwamba inaweza kupunguza njaa kwa kiasi fulani, kitanda kinatangaza usingizi, televisheni inatangaza burudani, na mtu anayepita husikiliza matangazo hayo yote na kuliendea lile linaloyafaa mahitaji yake ya wakati huo. Maelekezo ya jinsi ya kukitumia kitu nayo yamo ndani ya kitu chenyewe. Faida yake ni kwamba kitu kipya kikiongezwa, watu wa mchezo hujua kukitumia bila mwandishi wa programu kugusa chochote kinachowahusu watu hao. Ndiyo maana Maxis iliweza kutoa vifurushi 7 vya nyongeza kwa mchezo wa kwanza peke yake, na ndiyo maana wachezaji waliweza kujitengenezea vya kwao. Hata kabla mchezo haujaingia sokoni, kampuni ilisambaza zana za kubuni mavazi na sura, na siku ya kwanza ya mauzo ikakuta tayari kuna watu wanaobadilishana kazi zao.

Lugha ya watu hao pia ilifikiriwa vizuri. Wright aliwapa waigizaji wa San Francisco, Stephen Kearin na Gerri Lawlor, kazi ya kubuni sauti isiyo na maana yoyote, iliyobeba furaha, hasira au uchovu peke yake, ili sentensi moja isimchoshe mchezaji kwa kurudiwa mara elfu. Ufikapo mwaka 2002, *The Sims* ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 6 na kuipita *Myst*, na hivyo kuwa mchezo wa kompyuta binafsi uliouzwa kuliko yote hadi wakati huo. Wanawake na wasichana waliucheza kwa wingi ambao wauzaji wa michezo hawakuwa wameuzoea.

Msidhani kwamba mchezo huo haukuwa na maoni ndani yake. Furaha ya watu wa *The Sims* inanunulika: sofa ya bei kubwa hupumzisha haraka kuliko ya bei ndogo, na anayetaka marafiki ni sharti awe na muda, na muda hupatikana kwa vifaa vya gharama. Hakuna shangazi anayeshuka kutoka kijijini na kukaa miezi mitatu, wala michango ya harusi. Wapo wanaoiona kejeli ya makusudi juu ya maisha ya Marekani, wapo wanaoiona sifa kwa maisha hayohayo. Tofauti na *SimCity*, hapa mchezaji alikuwa na njia ya kuingiza vitu vyake na, kupitia vitu hivyo, kanuni zake.

Mwaka 2008 ukaja *Spore*, mchezo uliochukua miaka mingi na uliotaka kuanzia kiumbe cha seli moja hadi safari za nyota kwa nyota, katika hatua 5. Zana yake ya kuumba viumbe ilikuwa ya ajabu. Mtu aliweza kukipachika kiumbe miguu 6 na midomo 2, na kompyuta ikajua yenyewe jinsi kitakavyotembea. Hatua zenyewe zilikuwa nyepesi kuliko ahadi. Lakini kilichowakasirisha wanunuzi zaidi ni kwamba mchezo uliruhusu kuwashwa katika kompyuta 3 tu, na ili upate ruhusa ilibidi uwasiliane na kampuni kwa intaneti. Malalamiko yalifurika hata kikomo kikapandishwa hadi 5. Linganisheni na ile karatasi nyekundu ya mwaka 1989. Mwezi Aprili 2009 Wright aliondoka.

Wenzake waliobaki Emeryville walipewa kazi ya kuifufua *SimCity*, nao waliifanya kwa ustadi. Mchezo wa mwaka 2013 ulimfuata kila mkazi, kila tone la maji na kila gari kama kitu kimoja kimoja kinachotembea barabarani. Mbunifu wake mkuu, Stone Librande, alieleza baadaye kwamba walipopima miji halisi walishangazwa na ukubwa wa maegesho ya magari, wakayaacha au kuyaficha chini ya ardhi kwa kuwa mji wenye maegesho ya kiasi cha kweli ungemchosha mchezaji. Naipenda sana kauli hiyo, kwa maana ni nadra mtunga kanuni kusema wazi alipoipinda kweli na kwa sababu gani. Afisa mipango miji anayelijua hilo ataucheza mchezo kwa macho tofauti.

Kwa bahati mbaya, mji wenyewe haukuwa wa mchezaji. Mchezo haukuweza kuchezwa bila kuunganishwa na seva za kampuni, hata kwa mtu aliyetaka kucheza peke yake. Ulipotoka tarehe 5 Machi 2013 seva zilizidiwa, na kwa siku kadhaa watu walioulipia walikaa kwenye foleni wakisubiri kuingia katika miji yao wenyewe. Amazon ilisimamisha kwa muda kuuza nakala za kupakua. Kampuni ilieleza kwamba sehemu kubwa ya hesabu za mji ilifanyika kwenye seva, hivyo mchezo usingeweza kuwa vinginevyo. Baada ya muda mfupi wachezaji wenye ujuzi walionyesha kwamba mji uliendelea kujiendesha mawasiliano yakikatwa. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Machi 2014, Maxis yenyewe ilitoa marekebisho yaliyowezesha kucheza bila intaneti. Viwanja vya mji vilikuwa vimebaki vidogo, vya kilomita 2 kwa 2 hivi, na wengi walikuwa wameshaondoka.

Studio ya Emeryville ilifungwa tarehe 4 Machi 2015. Siku sita baadaye kampuni ya Colossal Order kutoka Tampere, Finland, yenye watengenezaji wasiozidi kumi na wachache, ilitoa *Cities: Skylines*, mchezo wa mji usiohitaji seva ya mtu, wenye eneo kubwa, na uliofunguliwa tangu siku ya kwanza ili wachezaji waongeze majengo yao na hata kubadilisha jinsi magari yanavyoamua njia. Wateja wa Maxis walihamia huko. Jina la Maxis halikufa. Bado limo katika *The Sims 4*, iliyotoka mwaka 2014 na ambayo tangu mwaka 2022 hupatikana bure huku vifurushi vyake vya nyongeza vikiuzwa. Miji haitengenezi tena.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nije na kompyuta. Mwaka 2008 Electronic Arts iliruhusu msimbo wa *SimCity* ya kwanza utolewe kwa leseni huria, kwa ajili ya mradi wa kompyuta ndogo za watoto wa shule ambazo Rwanda ni mojawapo ya nchi zilizozipokea kwa wingi. Kwa kuwa jina *SimCity* ni mali ya kampuni, msimbo huo ulitolewa kwa jina lake la zamani, *Micropolis*. Maana yake ni kwamba kanuni za Wright sasa zinasomeka: ipo sehemu inayokokotoa thamani ya ardhi, ipo inayokokotoa uhalifu, na zile namba zilizowahi kuwapima wagombea wa Providence ziko wazi kwa yeyote anayejua kusoma lugha ya C.

Baada ya maswali tutaifungua kwenye skrini hii. Ningependa wa mipango miji mkae na wa programu, wawili kwa wawili, na kazi ya kwanza iwe kuitafuta sehemu inayoamua nyumba iote wapi, kisha mniambie ni mistari ipi ingebidi ibadilishwe ili mtu aweze kujenga kabla umeme haujafika. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.